Maji ya Saa Tisa

Huku Kimara maji huja saa tisa za usiku,
yakija.
Kwanza bomba hukohoa.
Halafu hutoa hewa ndefu, kavu, yenye harufu ya chuma,
na mita inazunguka, inahesabu,
mwisho wa mwezi nalipia pumzi.
Nimelalamika ofisini kwao mara mbili.
Dada wa dirishani akaniambia, "Mama, hewa ni dalili."

Nilirudi na kauli hiyo nyumbani
kama mtu aliyebeba yai.

Maana sala zangu nazo huanza vivyo hivyo:
kikohozi, kutu, majina ya wanaonidai,
bei ya sembe,
gauni la bibi harusi wa Jumamosi
nililolikata vibaya begani.
Dakika kumi nzima mita inazunguka
na ndooni hamna kitu.
Kisha, sijui kutoka wapi, tone.

Zamani nilidhani Mungu anakaa usharikani,
anafunguliwa Jumapili saa moja, ibada ya kwanza,
anafungwa baada ya mnada wa kuku na mikungu ya ndizi.
Nilimvalia kitenge cha Pasaka, nikamwimbia sauti ya pili,
nikamwacha palepale
mzee wa kanisa akitafuta funguo mfukoni.

Atupele ndiye aliyenikamata, akiwa na miaka mitano.
Alinikuta uani, kanga kifuani, mpira wa maji mkononi,
midomo inacheza.
"Mama, unaongea na nani?"
"Nahesabu ndoo."
Akafikicha macho. "Mwambie na mimi nina kiu."

Tangu hapo sisubiri kupiga magoti.
Ndoo ya kwanza namwombea Lutengano,
anayelinda geti la watu Mikocheni
asilale, na akilala asionekane.
Ya pili ni ya wifi yangu wa Tukuyu,
kwa sababu simpendi vya kutosha.
Ya tatu sikumbuki. Ya tatu husinzia.
Mara ngapi nimeamshwa na maji miguuni,
ndoo imefurika, na amina sijasema!

Halafu ukaja ule Novemba.
Siku tisa bomba halikukohoa.
Wenye mikokoteni wakapandisha bei ya dumu
asubuhi moja, jioni nyingine.
Nilibakiwa na ndoo moja, tena si ya kujaa.
Usiku wa tisa niligeuza ndoo tupu, nikaikalia,
nikasema, "Utupe leo,"
nikaishia hapo. Neno la mbele lilinikwama.

Ndipo geti likagongwa.
Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili, ushungi umekaa upande:
"Jirani, mama katapika kitanda kizima.
Sina hata la kumnawishia."

Niseme kweli, maana ni usiku:
niliitazama ndoo kabla sijamtazama yeye.
Nilipima kwa jicho.
Nikamchotea nusu, nikamshikia taa mpaka kwake,
nikarudi nikinung'unika njia nzima,
nikijua kwamba anayesikia sala
husikia na manung'uniko,
masikio ni yale yale.

Maji hayakuja usiku huo.
Hayakuja kesho yake.
Asubuhi nilimnawisha Atupele uso kwa kikombe kimoja,
mabaki nikaumwagia mchicha wangu wa kwenye kopo,
nikaketi kwenye cherehani.
Kanyaga, pumua. Kanyaga, pumua.
Bega la bibi harusi nikalifumua,
nikalianza upya.

Leo Alhamisi, saa tisa kasorobo.
Vifuniko nimevifungua.
Ndoo ya Bi Mwanaidi ipo hapa katikati ya zangu,
ile ya bluu yenye mpini wa kamba;
aliileta jioni, hakusema kitu, nami sikuuliza.
Bomba liko kimya.
Naweka kiganja chini yake, nangoja.
Nasikia, labda, hewa.