Mchanga Uliokataa Kudondoka

Hapa palikuwa na pilipili manga ya babu yangu,
kisha pakawa na pampu yangu.
Nalisema mapema, asije mtu akanisifu:
bomba lililopasua kilima hiki nililishika mimi,
miaka tisa, magoti ndani ya tope,
nikichuja bati, nikiacha mchanga.

Bangka yote sasa ina macho ya samawati,
madimbwi yasiyo na samaki wala kina kinachojulikana,
na kando yake mchanga mweupe kama chumvi;
mvua inyeshe asubuhi, adhuhuri umeshasahau.

Miche ya kwanza tulipanda mia nne.
Rosmala aliimwagilia kwa birika la chai,
maana ndoo tulikuwa tumeziuza pamoja na pampu.
Ikafa imesimama, kama watu waliopigwa picha.

Ndipo akaja Bi Yuliarti wa idara ya misitu,
viatu vyake vya mjini vikizama hadi kifundoni,
akauliza swali nisilolitarajia:
"Uyoga wenu mwekundu mnauchuma wapi?"

Nikacheka. Mtoto gani wa Bangka asiyejua?
Radi ikipasuka baada ya kiangazi kirefu
mama zetu huacha vyungu motoni, huingia msituni,
chini ya mpelawan wenye gome jekundu linalobambuka,
na kilo moja hulipa ada ya shule.
"Basi," akasema, "uyoga ni kofia tu.
Mwenye kofia amelala chini."

Tulichimba kwa kijiko.
Mimi, niliyekuwa nikila nusu ya mteremko kwa siku,
nikiomba radhi kwa kila konzi ya udongo mweusi.
Tukauchanganya na mboji:
mashada matupu ya michikichi, pumba za mpunga,
samadi ya ng'ombe wa Haji Mukhtarudin,
vyote vilivyofukuta siku arobaini
chini ya turubai langu la mgodini,
hadi ukiingiza mkono unautoa haraka.
"Inanukia kama mvua iliyopikwa," alisema Rosmala.

Kwenye hadubini niliona nyuzi,
nyembamba kuliko mvi moja ya kidevuni,
zimeingia mzizini bila kubomoa mlango.
Mkono mtupu haulambwi, na mti unalijua hilo:
unatoa sukari, kuvu inatoa maji
iliyoyaendea mbali, ambako mzizi haufiki.
Biashara.
Ila hakuna shimo linalobaki nyuma yao.

Sisemi tumeshinda.
Kati ya miche mia tatu na sitini
mia na arobaini na mmoja ilikauka Agosti.
Usiku nasikia pampu za wengine ng'ambo ya dimbwi,
na mwanangu Fadlan hulala na mabuti mlangoni,
hajaniambia anakwenda wapi.

Jana niling'oa mche mmoja, nihakikishe.
Nikautikisa. Nikautikisa tena.
Mchanga, ule ule ambao haukuwahi kushika kitu,
si maji, si mbegu, si unyayo wa mtu,
ulikuwa umefumwa mizizini,
haukudondoka.

Nikaurudisha shimoni upesi,
kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanasali.
Rosmala akauliza kama nao umekufa.
Nikamwambia alete birika.