Kidevu cha Rais

Baba hakuwahi kumwona rais wa Marekani
ila kwenye stempu moja, imegongwa muhuri usoni,
na kwenye redio ya jirani: sauti isiyo na mwili,
ikikoroma kama lori linalopanda Mlima Nyoka kwa gia ya kwanza.
Mhariri wa Mwanjelwa alitaka katuni kila Jumatano.
Jumanne usiku baba alichonga penseli kwa wembe,
mimi nikashika kibatari hadi pua ikawa nyeusi.

"Huyu hana kidevu," nikamwambia. "Muhuri umekila."
"Basi tutamwazimia."

Akamwazimia cha Bwana Mwasomola,
mtunza ghala la mbolea pale Uyole.
Mwanzoni kilikuwa kidogo, kiazi mviringo
kilichochimbwa kabla ya siku zake.
Rais akasimama na suti ya milia, njiwa begani,
na watu wakamcheka kwa upole,
kama unavyomcheka mgeni anayekula ugali kwa uma.

Msimu uliofuata mbolea ilichelewa.
Mahindi yakaota manjano kama macho ya mgonjwa,
na kidevu kikakua.
Chini ya picha baba aliandika: *Rais atangaza vita vingine.*
Kidevu kilikuwa plau ya kukokotwa na ng'ombe,
askari wadogo wamejipanga juu yake,
na wa mwisho, ukisogeza taa,
alikuwa amebeba gunia tupu.
Sokoni mama Anyambilile alifungia dagaa ukurasa ule,
kisha akaufungua tena, dagaa wakamwagika.
"Huyu Mmarekani namfahamu," alisema.
"Ananidai ya soda."

Ukaja mwaka ambao kidevu hakikuenea gazetini.
Mhariri akang'aka: kinakula tangazo la mabati!
Baba akakikunja, akakipitisha chini ya meza ya rais,
kikatokea upande wa pili
kikinywa chai.

Na Mwasomola?
Alicheka kuliko sisi sote.
Alizikata katuni kwa mkasi, akazibandika kwa uji wa ngano
kwenye ubao wa ofisi, juu ya orodha ya waliokosa.
"Wazungu, bwana," alisema akijipapasa,
"Mungu kawajalia videvu!"

Kisha rais akafa, uzeeni, kitandani kwake.
Tulisikia kwamba huko kwao wachoraji walewale
waliomvisha pembe sasa wanamvisha mabawa.
Mhariri akaja mwenyewe, kofia mkononi:
"Mwaisumo, marehemu hachorwi kidevu."
Baba alikaa hadi kibatari kikaanza kukohoa.
Akachora kiti kitupu.
Na mezani, kama kofia iliyosahauliwa na mgeni,
kidevu, peke yake.

Rais aliyefuata alikuja na masikio makubwa.
Baba akampa masikio yake,
akampa na kidevu kilekile.
Hakuna aliyeuliza.

Juni hii nilikwenda Uyole kuomba zile katuni.
Baba hayupo, na sina hata moja;
zetu zilifungia chumvi.
Mwasomola alipostaafu aling'oa ubao mzima,
akauegemeza ukutani kwake, karibu na dirisha,
na ukungu unazibandua moja moja:
videvu vikubwa vimeanguka kwanza,
kimebaki kile kiazi, na njiwa.

Nilimkuta ananyoa, kioo kimetundikwa juu ya ubao,
mkono unatetemeka, povu limefika shingoni.
Nikamshikia beseni.
Akatazama kioo. Akatazama picha.
Wembe ukasimama.

"Baba yako," akasema, "hakuwahi kufika Marekani?"
"Hata Dar es Salaam hakufika."

Povu likadondoka majini, *tipu*,
na nje mtu akapita na toroli la viazi, likilia gurudumu.

"Sasa alijuaje?" akauliza,
nami nikashika beseni kwa mikono miwili,
lisitikisike,
kama nilivyoshika taa.