Paka Hakupita

Nyamizi, umeniuliza ulipie kozi ipi.
Ngoja kwanza nikueleze habari za paka.

Miaka minne nililinda jengo la ghorofa tisa, Kijitonyama,
kirungu kiunoni, filimbi shingoni,
na mezani daftari kubwa la jalada jeusi:
Kitabu cha Matukio.
Saa sita na robo, lori la taka limeingia.
Saa nane kasoro, paka amepita uani.
Lusekelo, mwenzangu wa lindo,
aliandika "hali ni shwari" mara saba kwa mpigo
kisha akajifunika koti.
Mimi nikamwandika paka.
Sikujua kwamba nasoma.

Usiku mmoja paka hakupita.
Nikazunguka nyuma na tochi:
dirisha la stoo wazi, upana wa kiganja,
na kwenye vumbi, soli ya kiatu.
Hawakuiba kitu.
Walikuja kupima.

Yule kijana wa ghorofa ya nne,
atokaye usiku wa manane macho mekundu,
alikisoma kitabu changu akisubiri bajaji.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Kaka, hii ndiyo kazi yangu," akasema,
"ila paka wangu hana miguu."

Basi, nilianzia hapo.
Kompyuta ya mtumba, Kariakoo, herufi N imeng'oka,
nikawa naibonyeza kwa ukucha.
Bando la usiku, chumba cha Tandika,
miguu ndani ya ndoo ya maji kwa joto,
na kioo cheusi kinapepesa, kinasubiri niseme,
nami sina la kusema.
Maneno magumu niliyaandika ukutani kwa chaki
pembeni ya deni la Mangi.
Siku niliyosoma kwamba kompyuta moja
ina milango elfu sitini na tano na ushee
nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga:
jengo langu lilikuwa na mitatu,
na wa tatu ulitushinda.

Mtihani nikafeli. Nikafeli tena.
Ada ya mara ya tatu ilikuwa kodi ya nyumba.
Hadi leo Rukia anajua niliibiwa.
Mlinzi, kaibiwa! Alinicheka wiki nzima,
nami nikacheka naye, karatasi ya kufaulu
imekunjwa ndani ya soksi.

Na hili hawalifundishi:
alikuja mtu wa Sinza na simu ya mchumba wake,
laki mbili mkononi, "nifungulie tu nione."
Nikahesabu kodi. Nikahesabu tena.
Nikamwambia sijui.
Nilikuwa najua.

Sasa nakaa Upanga, skrini tatu,
kiyoyozi cha kunitia kikohozi.
Zamu bado ni ya usiku.
Juzi, saa tisa na dakika kumi na moja,
akaunti ya mhasibu, mama Felista, imeingia.
Nywila sahihi, mara ya kwanza.
Kengele haikulia; ilie kwa lipi?
Lakini mama Felista, Nyamizi,
hukosea nywila yake mara mbili kila siku ya Mungu,
analaani, anavaa miwani, ndipo anapatia.
Nikaweka kikombe chini.
Nikaifunga akaunti, nikampigia kumwamsha.
"Nimelala, baba," akasema, "nani yuko kazini saa hizi?"

Nani. Ndiyo hasa.

Kozi utalipia, nitakutajia, usiwe na haraka.
Wiki hii nunua daftari, hata la mia tano.
Kaa barazani kwenu Buza, andika:
nani kapita, saa ngapi, kabeba nini,
muuza maji anapiga honi ngapi kabla ya kukata kona.
Usiniandikie "hali ni shwari."
Mwezi ukiisha njoo,
uniambie nani hakupita.