Tembe

Julai, Ihumwa. Upepo umeamka kabla yangu
na umeshapekua kila ufa wa mlango.
Ndahani ameshusha mifuko kumi na miwili,
kila mmoja umeandikwa GREDI YA KWANZA
kwa wino uleule, kwa mkono uleule,
hata ule uliopasuka mshono.

"Tembe safi, mama. Mbao tupu."

Tembe. Nacheka kidogo.
Mimi nilizaliwa ndani ya tembe,
chini ya dari ya udongo iliyokuwa nyeusi kwa moshi,
na leo nauziwa tembe kwa kilo,
nyembamba kama kidole cha kichanga,
niimimine kwenye jiko la feni
chai ichemke kabla abiria wa treni hawajafika.

Sinunui jina.
Naingiza mkono hadi kiwiko, hadi chini kabisa,
kwani juu ya mfuko ni salamu tu,
habari zenyewe ziko chini.

Unga. Ungekuwa wa uwele ningesonga ugali.
Huu utaziba matundu,
feni itapiga kelele, moto utalala.

Nachukua moja, naivunja karibu na sikio.
Iliyokauka husema ta!
Hii imejikunja, imenyamaza
kama mdaiwa.

Nainusa. Mninga nausikia, mtamu,
na nyuma yake kitu kingine: vanishi.
"Ndahani, hiki kilikuwa kitanda cha nani?"
Anatazama reli.

Bibi yangu Matika hakuwa na mizani.
Aligonga ukuni kwa ukuni, akasikiliza,
akausogeza shavuni kujua kama bado una maji,
mgunga huku, mkole kule,
na mnyaa hakutaka hata kuuona karibu na mafiga:
"Moshi wake unataka macho yako."
Macho yake mwenyewe yalikwenda hivyohivyo,
kwa kuni nzuri, polepole, miaka sitini.

Naomba glasi. Naijaza maji,
maji ya dumu, ya kununua;
nikimaliza nitaupa mpapai.
Tembe ya mfuko wa kwanza inaelea,
inazunguka kama inayotafuta mlango.
Haikubanwa sawasawa.
Wa pili, inaelea. Wa tatu.
Wa saba, ule uliopasuka mshono,
inazama wima,
inakaa chini dakika mbili, tatu,
halafu inafumuka, inarudi kuwa unga wa msumeno,
laini, bila gundi, bila siri.

Ndivyo ilivyofumuka tembe yetu
Machi ile, paa lilipokunywa maji
usiku kucha, na asubuhi likaketi.
Ile haikuwa sifa.
Baba alikuwa safarini, udongo tuliushindilia sisi watoto,
tukicheka, tukidhani kukanyaga ni kucheza.
Bibi aliukagua kwa mkono, kwa kuwa macho yalishakwenda,
akasema mmefanya vizuri.
Alijua. Nina hakika alijua.

Haya, mfuko wa saba.
Nawasha konzi mbili.
Buluu chini, njano juu, moshi haupo.
Nangoja ziishe, nakung'uta majivu kwenye kifuniko:
kijiko kimoja cha chai, meupe, mepesi.
Konzi ya mfuko wa pili iliacha mawe,
vioo vyeusi vya mchanga:
mtu alifagia karakana, akafagia na ardhi.

"Mmoja tu, mama?"
"Mmoja. Na kalamu yako niazime."

Chini ya GREDI YA KWANZA, kwenye mfuko wa kwanza,
naandika: INAELEA.
Anasoma, midomo ikitembea.
Nasubiri anitukane; ana haki, amesafiri usiku.
Treni inapiga honi upande wa mjini.
Najitwika mfuko, nao unalia kichwani
kama mvua ndogo iliyokosea mwezi.

Nimeshafika barabarani ananiita,
si kwa hasira:
"Mama. Hiyo glasi,
niachie."