Tarakimu ya Mwisho

Miaka sita nimeikereza, usiku,
baada ya kazi za watu: bushi za bajaji,
shafti za mashine za kukamua miwa,
hapa Gerezani, banda la tatu kutoka mtaroni.

Mita moja ya reli nimeikunja ikawa sentimita tano.
Gurudumu lililomfika baba kifuani
sasa latosha kiganjani, kama kitumbua.
Bwela ni shaba ya tangi la maji moto
lililong'olewa hotelini Upanga.
Fito za vali, spoku za baiskeli.
Uso wa geji ni uso wa saa ya mama,
iliyokufa saa nne na robo.

Yenyewe, ile kubwa, ilitoka Uskochi vipande vipande.
Ilishushwa kwa kreni, ikafungwa upya
na watu ambao hawajawahi kuiona nzima,
na siku ya tatu ikapanda Pugu ikitweta.
Ilikula kuni, kisha ikazoezwa mafuta mazito.
Ilivuta mkonge, ilivuta pamba,
ilivuta harusi nzima kutoka Tabora
iliyofika Dar siku mbili baada ya pilau.
Maji ya Dodoma yaliiganda chumvi kwenye mirija
kama chai inavyoganda birikani.

Jumuiya ilipovunjika, injini ziligawanywa
kama masufuria ya marehemu:
hii yetu, ile yenu, ile nyingine
imekwama ng'ambo ya mpaka na hairudi.
Hii ikabaki uani kwa karakana,
mbigiri zikiota kwenye makaa ya zamani.

Halafu wakampa baba mtungi wa gesi na miwani myeusi.
"Chambuso, ikate."
Bwela alilolishona kwa ribiti miaka kumi na tisa
akalifumua kwa siku kumi na moja.
Chuma kikaenda kuyeyushwa. Nondo, walisema.
Tangu hapo, akiingia jengo jipya,
baba hugonga nguzo kwa kidole,
anainamisha sikio.

Alirudi nyumbani na ribiti moja mfukoni.
Nimeichonga, ndiyo hili bomba la moshi.
Hapa tu ndipo penye ukweli. Kwingine kote
ni uongo wangu, uliopimwa kwa kalipa.

Picha ni moja. Baba kasimama kando ya injini,
bega lake limeziba tarakimu ya mwisho.
Kitundu, aliyekuwa mpiga moto, anaapa ni tatu.
Harbans Singh, wa karakana, sasa yuko Nairobi:
"Nane, binti. Nane. Mimi niliipaka rangi!"
Nikawaunganisha kwenye simu, wakatukanana
kwa upendo, nusu saa, hadi vocha ikaisha.
Kibati cha namba nimekiacha na nafasi tupu.
Wateja huuliza, "Mama fundi, hujamaliza?"

Jumapili nikaiwasha.
Maji ya kisima chetu ni chumvi tupu;
nilikuwa nimekinga ya mvua tangu Machi.
Shukuru, kijana wangu, alisimama na ndoo ya mchanga
kama anayesubiri nyumba iungue.
Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikaenda,
mita nne za reli juu ya meza ya kupigia rangi,
na harufu ile, ya mafuta na shaba na maji,
harufu ya shati la baba la Ijumaa.
Halafu sss, upande wa kushoto.
Silinda inavuja.

Nimeifungua mara tatu. Nimebadili gasketi,
nimeisugua, nimeilaani mpaka Shukuru akatoka nje.

Usiku nikashusha daftari la kazi la baba, la penseli:
*Imerudi. Silinda ya kushoto inavuja. Imezibwa.*
Ukurasa wa pili: *Imerudi. Inavuja. Imezibwa.*
Wa tano. Wa tisa. Mwandiko unazidi kukasirika.

Nikacheka peke yangu, spana mkononi.
Kule stesheni mpya treni ya umeme iliondoka
kimya, kama mtu anayekwepa deni.
Nikachonga penseli kwa kisu,
chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika tarehe,
kisha: *Inavuja.*