Neno la Zizini

Lanusei, ghorofa ya pili, Februari.
Hakimu anasoma shtaka, mimi napiga taipu:
mweka hazina Costantino Piredda,
fedha za kupasha joto shule, baridi tatu mfululizo,
na mwisho wa aya neno moja kavu: peculato.

Baba kaniletea mkate wa mchana.
Kaketi nyuma, koti lake linanuka jibini.
Njiani ananiuliza, "Hilo neno ndilo nini?"

Ni Kilatini, Baba. Lilianza na pecus, mifugo.
Zamani mali ilikuwa na miguu minne,
ikilia usiku, ikizaa, ikifa kwa kuhara.
Aliyedokoa cha umma, alidokoa kundini.

Baba hacheki. Anasimama penye kona ya duka la dawa.
"Kwa hiyo kaiba kondoo."
Ndiyo.
"Basi si waseme hivyo!
Kondoo ana pengo sikioni,
hata mchinjaji humjua ni wa nani. Na yuro je?"

Anatoa mkono mfukoni, anahesabu
watoto aliowaona asubuhi dirishani
wakiandika na glavu mikononi: kumi na tisa.
Anarudia, mmoja mmoja, taratibu,
kama afanyavyo langoni akiwagusa migongo.

Jioni, nikisoma nakala kabla ya muhuri,
nakuta mstari wa nne nimekosea.
Nimeandika pecora. Kondoo.

Nafuta.
Sikufuta upesi.