Safu ya Maoni

Saa moja kasoro, kabla jua halijagonga bati za Isevya,
nanyoa masikio.
Wembe, maji ya vuguvugu, kitambaa.
Ukilimulika, sikio la sungura ni jani:
unaona mishipa, unaona damu ikipita
pasipo kujua inakokwenda.

Kisha naegesha kizimba cha chandarua,
mbung'o ishirini, njaa ya siku mbili.
Dakika kumi, kwa saa ya ukutani
inayochelewa tangu mwaka juzi.
Wanaanza wembamba kama mbegu za tikiti,
wanamaliza wekundu, wazito, kuruka hawawezi.

Msinihukumu upesi.
Kaka yangu Masele alikwenda kurina asali Ugalla,
akarudi na madebe sita na uvimbe begani.
Mvua zilipokatika alikuwa akisinzia na tonge mkononi,
usiku akizunguka uani
akiwaita nyuki kwa majina ya watu.
Malale. Tulimzika Sikonge.
Asali tuliiuza. Hakuna aliyetaka kuionja.
Kwa hiyo najua mbung'o ni wa nini
na sungura ni wa nini.

Ila najua na hili:
namba kumi na nne huuma waya usiku.
Krr, krr, krr,
kama mtu anayejaribu funguo moja moja gizani.
Kapela mlinzi alidhani panya, akatega mtego.
Mimi nikaandika kwenye fomu.
Fomu ina safu sita: namba, uzito, joto,
mbung'o walioshiba, mbung'o waliokufa,
na ya mwisho, Maoni,
nyembamba hata neno "anateseka" halienei.
Nikaandika "waya".
Aliyesoma akaagiza waya mpya.

Ndipo akaja Dokta Nshoma, binti wa Urambo,
hakuja kwa ajili ya mbung'o.
Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, usiku tatu,
tochi ameifunga kitambaa chekundu,
kidole kwenye kihesabio.
"Mara mia mbili na kumi na mbili," alisema alfajiri,
macho mekundu kumshinda sungura mwenyewe.
Halafu: "Ungekuwa wewe, mama Nyamizi, ungefanyaje?"

Miaka kumi na tisa.
Nililitazama swali kama noti niliyookota njiani,
nikigeuza kichwa kuona mwenyewe yuko wapi.

Nyasi ndefu, nikasema. Mwenzake wa kulala naye.
Na pa kujificha.
Kesho yake nikafunga nyuma ya baiskeli
mzinga wa gome wa Masele,
uliokuwa darini ukinuka nta na moshi.
Kumi na nne aliuzunguka siku nzima.
Usiku akaingia, akageuka humo ndani,
akatoa pua.
Usiku wa tisa: mara kumi na moja.
Dokta akachora mstari unaoshuka, akafurahi.
Mimi niliona alichokiacha nje ya mstari:
amelala ubavu, miguu ameinyoosha,
na ukingo wa mzinga umetafunwa.

Mwaka huu umeletwa utando,
ngozi ya kutengenezwa, juu ya sahani yenye joto,
damu ya ng'ombe kutoka machinjioni.
Mbung'o wanashiba vilevile, hawaulizi.
(Yule ng'ombe, usiku wake nani alikaa juu ya ndoo?
Naliweka hapa, sina safu nyingine.)

Fomu ya kufunga hesabu inataka alama moja:
amekufa, ameuawa, amehamishwa.
Nimekaa na kalamu hadi chai ikapoa.
Hatimaye, kwenye Maoni, kwa herufi za kubana,
nimeandika "amestaafu".

Makao makuu hawajajibu.
Namletea matembele, majani ya karanga, namwambia wangaluka.
Leo nimemwinua dirishani kama zamani.
Sikio limeota manyoya.
Sioni tena ndani.